Kuchagua Jukwaa la Mashine Pepe kwa Wingu Binafsi
Kabla ya kulinganisha majukwaa ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazofanya kazi ndani ya seva halisi) kwenye wingu binafsi, yaani seva zako mwenyewe, hesabu seva ulizonazo na mafundi watakaozihudumia, kwa maana OpenStack, programu huria ya kujenga wingu, pamoja na uwezo wake mkubwa, huelemea ofisi yenye fundi mmoja. VMware, jukwaa la kibiashara, imekomaa, lakini baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua mwaka 2023 uuzaji wa leseni za kudumu ulisitishwa, hivyo piga hesabu ya ada ya usajili ya miaka kadhaa.

Kwa ofisi ndogo napendekeza Proxmox VE, inayotumia KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) juu ya Debian, mfumo endeshi wa Linux. Unganisha seva 3, kwani zikiwa 2 tu na moja ikazimika, iliyobaki hukosa wingi wa kura (zaidi ya nusu ya kura za seva zilizounganishwa) na kukataa kuwasha mashine pepe. Ukishaweka hifadhi ya pamoja (diski zinazofikiwa na seva zote) na kuwezesha uhamisho wa dharura (high availability, HA), chomoa waya wa umeme wa seva moja, kisha uhakikishe kwamba mashine zake zinaamka kwenye nyingine.