Kula samaki Kigoma mjini: uende wapi, saa ngapi, uagize nini

Mgeni anayeshuka kwenye treni na njaa yake hula mahali pa kwanza anapopaona, halafu anaondoka akisema samaki wa Kigoma ni wa kawaida tu. Samaki hana kosa hapo. Aliyekosea ni mlaji, na kakosea saa.

Kwenye Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya dagaa na ya samaki wanaoitwa migebuka hutoka jioni, huvua usiku kucha kwa taa, na hurudi alfajiri. Samaki wabichi kabisa utawakuta mwaloni, yaani mitumbwi inaposhushia samaki, Kibirizi upande wa kaskazini au Katonga upande wa kusini, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Baada ya hapo wanapanda Mwanga sokoni, na kufika saa 5 wako kwenye makarai ya mama ntilie. Kwa hiyo mlo wa samaki Kigoma ni mlo wa mchana: kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8. Ukija saa 11 jioni, unachopewa kimekaangwa mchana na kinapashwa tu. Jioni kula mishkaki, chipsi mayai au ndizi na nyama. Samaki msubiri kesho.

Kuna na suala la mwezi. Taa ya mvuvi huvuta dagaa penye giza, na migebuka huwafuata dagaa kwa kuwa ndio chakula chao. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haina kazi, kwa hiyo siku kadhaa mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo dagaa wabichi huadimika, bei hupanda, na mgebuka unayeletewa mezani huenda katoka kwenye barafu. Tazama kalenda kabla ya kukata tiketi. Ukishafika na mwezi ni mpevu, ulizia samaki aina ya kuhe au sangala. Kuhe ana nyama nyeupe na imara, anafaa kuchemshwa. Sangala ana mafuta, anafaa kuchomwa. Tena, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani, hivyo anayepanga safari ya miezi hiyo aulize kwanza kama kuna zuio.

Kibirizi: kununua mwenyewe na kupikiwa

Hapa ndipo pa kula kwa anayetaka kumjua mgebuka. Unanunua kwa mchuuzi mwaloni, unampelekea mama mwenye kibanda, anakupikia. Mapatano yafanyike kabla samaki hajaguswa: bei ya kupika, mafuta ni ya nani, ugali umo ndani au una bei yake. Usipouliza, ugali na kachumbari vitahesabiwa peke yake na utaona umeonewa, kumbe hukuuliza.

Mgebuka ni samaki mwembamba, mrefu kama mkono hadi kwenye kiwiko, na huharibika upesi kuliko kuhe. Usihangaike sana na macho, angalia tumbo. Bonyeza kwa kidole mbele kidogo ya tundu la haja: nyama ikirudi, mchukue, ikibaki shimo, mwache. Tumbo likiwa limepasuka lenyewe, huyo alivuliwa mapema usiku akalala sakafuni mwa mtumbwi ndani ya maji ya joto, na utumbo umeanza kuoza kabla ya nyama. Fungua na mashavu pia. Yawe mekundu, yasiwe ya kahawia.

Akikaangwa anachanjwa mara tatu kila ubavu, anapakwa chumvi na ndimu, anaachwa kama dakika 10, kisha anaingia kwenye mafuta yaliyochemka hasa. Dakika 5 hivi kila upande zinamtosha wa wastani. Akigeuzwa mapema ngozi inabaki kwenye karai na wewe unapewa mifupa na vipande. Wapikaji wengi hukausha sana kwa sababu samaki mkavu hukaa hadi jioni bila kuharibika, wala si kwamba hawajui kupika. Ukitaka mwenye majimaji, sema mapema: "Mama, wa kwangu usimkaushe." Akishatoka kwenye mafuta hakuna cha kufanya. Karai nalo litazame: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, agiza wa rosti au nenda kibanda cha jirani.

Anayesubiri boti za kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini ale kabla ya kupanda. Chapati, mihogo ya kukaanga na chai vinapatikana tangu asubuhi. Supu nzito na boti yenye mawimbi haviendani, hasa kiangazi upepo wa kusi unapovuma.

Stesheni na bandarini

Pa kula pako, ila wateja wengi ni wapita njia, na treni ikichelewa chakula kinalala kwenye masufuria. Chai na kitafunwa, basi. Panda barabara ya Lumumba kwa daladala hadi Mwanga.

Mwanga: mawese, sombe na ugali wa muhogo

Mabanda ya chakula karibu na soko la Mwanga ndiyo yanayopika chakula cha mkoa wenyewe. Ingia, salimia, funua sufuria kwa macho kabla hujakaa, hakuna anayekasirika. Swali la kwanza: "Shikamoo mama, mgebuka wa leo au wa barafu?" Mwenye biashara nzuri atakujibu wazi, maana wa barafu ana bei yake na wateja wake. Na ukweli ni kwamba mgebuka wa jana aliyekaangwa vizuri kisha akaungwa leo kwa mawese anamshinda wa leo aliyekaangwa kwenye mafuta machovu.

Mawese ndiyo yanayotofautisha. Mazuri yana rangi ya chungwa iliyoiva na harufu tamu kidogo. Yakizeeka yanakwaruza koo na kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Mpishi akiyaachia moto mpaka yatoe moshi, rangi inapauka na harufu inapotea, unabaki na mafuta tu. Mchuzi sahihi unakuja mwekundu, mafuta yameelea pembeni, nyanya zimevunjika kabisa. Tumbo lisiloyazoea huenda likalalamika, kwa hiyo siku ya kwanza omba mchuzi kidogo.

Sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa na kuungwa kwa mawese, huliwa kikiwa laini kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka kwa kutwanga na kuchemsha sana. Ukitafuna ukakuta ugumu na uchungu, sukuma bakuli pembeni, hata kama mwenzako anaendelea.

Ugali uko wa aina mbili au tatu, taja unaoutaka. Wa muhogo unavutika na kunata kidoleni, unakwenda na mchuzi na sombe. Usioujua utakushinda katikati ya sahani kwa jinsi unavyoshibisha. Wengi huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi, na huo ndio wa kuanzia. Wa sembe uache kwa samaki mkavu na kachumbari.

Ujiji

Ni kama kilomita 8 kutoka bandarini, daladala zinapita Mwanga. Watu huenda kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha, wanarudi mjini kula, na hapo wanapoteza. Ujiji ni mji wa zamani wa Waislamu wenye mapishi yanayofanana na ya pwani: vitumbua na maandazi asubuhi, pilau hasa siku ya Ijumaa, na jioni kahawa chungu ya vikombe vidogo pamoja na kashata. Kaa kwenye benchi, kunywa, sikiliza siasa za Simba na Yanga. Mwezi wa Ramadhani mabanda mengi hufungwa mchana, lakini baada ya futari chakula ni kingi kuliko siku nyingine yoyote.

Dagaa na mawese ya kubeba

Dagaa wakavu nunua Kibirizi au Mwanga, na uliza wameanikwa wapi. Wa mchangani ni rahisi, wa kwenye chanja ni ghali kidogo na hiyo tofauti inastahili, kwa sababu mchanga ukishaingia kwenye mashavu ya dagaa hautoki kwa maji. Mimina kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe, tikisa, uone kinachobaki. Kisha vunja mmoja: mkavu hukatika kwa mlio, aliyepinda bila kukatika ana unyevu na ataota ukungu njiani. Rangi ya fedha ndiyo unayoitaka. Waliogeuka manjano wamenyeshewa au wamekaa sana.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa. Usiwafungie dagaa kwenye ndoo yenye mfuniko wakiwa bado na joto la jua, watatoka jasho. Mawese yawekwe kwenye dumu lisilojaa, acha nafasi ya vidole viwili juu, na kaza kifuniko juu ya kipande cha nailoni. Yakifika mahali penye baridi yatajitenga, mekundu juu, mazito ya njano chini. Hayajaharibika: weka dumu kwenye maji ya moto, tikisa, na uyamimine yote pamoja kwenye chupa ndogo, vinginevyo utatumia majimaji ya juu na kubaki na mgando mtupu.