Safari ya meli pwani ya Norwe na washkaji: hatua kwa hatua kutoka Bergen mpaka Kirkenes

Naishi huku Norwe, na ndugu na marafiki wakija kutoka Dar, Mombasa, hata wale wa Ujerumani na Uingereza, mimi ndo huwa napewa kazi ya kuwapangia safari ya meli ya kupanda na pwani mpaka kule juu kabisa karibu na Urusi. Naipenda sana hii safari na nataka watu wetu wengi zaidi waifanye, kwa hiyo naandika jinsi ninavyoipanga mimi, kuanzia kuongea na kundi mpaka kushuka Kirkenes.

Hatua ya 1: Elewaneni ni meli ya aina gani

Hapa ndo makundi mengi yanaharibikiwa kabla hata hawajalipa. Mtu akisikia safari ya meli anawaza disko, bwawa kubwa, kasino na shoo za usiku. Hizi meli za pwani ya Norwe haziko hivyo kabisa. Hii ni kama basi la mkoani linaloingia kila stendi, anashuka mama na mizigo yake, wanapanda wanafunzi, safari inaendelea, tofauti ni kwamba nyie mna kabini na chakula kizuri na nje milima inashuka moja kwa moja baharini.

Huduma yenyewe ilianza mwaka 1893, nahodha Richard With alipoanza kupeleka meli kati ya Trondheim na Hammerfest, kwa sababu kipindi cha baridi barua ya kwenda kaskazini ilikuwa inaweza kuchukua miezi. Mpaka leo meli inabeba mizigo. Kwenye bandari nyingine inasimama robo saa tu, mlango wa ubavuni unafunguka, foklifti inaingia na kutoka na mapaleti, mlango unafungwa, mmeondoka, na wengine kwenye kabini hawajui hata kama meli ilisimama. Mimi hicho kipande nakipenda kuliko maelezo, nawaambia watu washuke deki ya chini wakaangalie vijana wanavyopakia kwa haraka.

Sasa hivi kampuni ni mbili, Hurtigruten na Havila, na wanapishana ratiba ili kila siku meli moja iondoke Bergen, mwaka mzima. Bandari ni 34. Kwenda mpaka Kirkenes ni siku 7, na mzunguko mzima wa kwenda na kurudi ni siku 12. Meli za Havila ni mpya, ya kwanza ilianza mwishoni mwa 2021, zina betri kubwa ambazo zinaweza kuisukuma meli bila injini kwa saa kadhaa, na ukiwa ndani ya fyodi (ule mkono wa bahari unaoingia ndani katikati ya milima) ule ukimya una thamani yake. Hurtigruten wao meli zao zinatofautiana umri, kwa hiyo angalia jina la meli kabla ya kulipa, usiangalie tarehe peke yake.

Kama kwenye kundi kuna mtu ambaye hawezi kukaa saa mbili anaangalia nje bila kuboreka, mwambieni ukweli mapema. Mtu mmoja anayenung'unika siku 7 anawamaliza wote.

Hatua ya 2: Chagueni msimu kabla ya kuongelea bei

Kuna safari mbili tofauti kabisa zinazotumia njia moja.

Kiangazi, kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, kule juu jua halizami. Saa sita usiku mko dekini na miwani ya jua. Milima ya kijani, maporomoko ya maji kila kona, na kuanzia Juni meli nyingi zinaingia mpaka Geiranger. Bei iko juu na kabini zinaisha mapema.

Kipindi cha giza, Oktoba mpaka Machi, ndo cha kutafuta ule mwanga wa kaskazini, ile aurora ya kijani angani. Desemba mji wa Tromsø, kule kaskazini, jua halichomozi kabisa, mnapata mwanga wa bluu masaa machache tu mchana, na wengine wanaupenda sana ila wengine unawashusha roho. Ndo maana kundi linaloenda mara ya kwanza huwa nalipeleka mwishoni mwa Februari au Machi: theluji bado ipo nyingi, mchana umesharudi, na usiku bado kuna giza la kutosha. Na msiogope habari ya barafu baharini, mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unafanya pwani yote hii isigande hata kule Kirkenes.

Kwa Waislamu kwenye kundi: kama mnaenda kiangazi muulizeni shehe wenu mapema kuhusu nyakati za swala sehemu ambayo jua halizami, au kuhusu funga kama kuna atakayefunga, ili mfike mnajua mnafanyaje. Na chakula halali kinaandikwa kwenye bukingi, sio kuulizia mkiwa mezani. Samaki hawakosi lakini.

Hatua ya 3: Hela na kabini

Watu wanne mpaka sita ndo idadi inayokaa vizuri. Mkizidi hapo kila uamuzi unakuwa kikao.

Chagueni mweka hazina mmoja, na mchango uanze angalau miezi nane kabla. Wale mnaocheza mchezo wa kupokezana hela kila mwezi, pangeni zamu ya mwisho ya wote iangukie kabla ya tarehe ya kulipa salio. Kabla ya kulipa kianzio someni masharti ya kuahirisha kwa sauti kwenye grupu, yaani mtu arekodi voisi kabisa, maana rafiki akijitoa wiki tatu kabla na hela hairudi ndo urafiki unapoingia majaribuni.

Kuhusu kabini: za ndani hazina dirisha na ndo za bei nafuu, za nje zina dirisha ila baadhi boti ya kuokolea imekaa mbele yake, na inaandikwa kabisa kwamba kuna kizuizi, kwa hiyo soma. Ushauri wangu ni kabini za ndani, watu wawili wawili, halafu kiti chenu kiwe dekini na kwenye ule ukumbi wa vioo juu. Huendi huko kulala. Mwenye kuumwa na bahari apewe kabini ya katikati ya meli na deki ya chini, hapo meli inayumba kidogo zaidi. Na anayekoroma ajitaje.

Hela ikiwa ndogo kuna njia ambayo wageni wengi hawaijui: unaweza kukata tiketi ya kipande tu bila kabini, kama msafiri wa kawaida. Bodø mpaka Svolvær ni kama masaa sita, mnavuka mkono wa bahari wa Vestfjorden na ule ukuta wa milima ya visiwa vya Lofoten unakua mbele yenu taratibu mpaka unajaza macho. Kwa mtu aliyeko Ulaya tayari mwenye wikendi ndefu, hicho kipande kinatosha kabisa.

Hatua ya 4: Viza na kufika Bergen

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani anahitaji viza ya Schengen, ile viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Norwe haiko kwenye Umoja wa Ulaya ila iko kwenye Schengen. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mimi nasema msisubiri, ombeni mapema. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Hata kama ndege inapitia Amsterdam, viza inaombwa kwa Norwe kwa sababu ndo mtakapokaa siku nyingi. Uthibitisho wa meli, hoteli ya Bergen na ndege ya kurudi kutoka Kirkenes viwe na tarehe zinazofuatana bila pengo, maana usiku mmoja usio na maelezo ndo unaoleta maswali.

Fikeni Bergen siku moja kabla. Mizigo inachelewa, na meli haisubiri. Nauli ikiruhusu tueni Oslo halafu chukueni treni, ni kama masaa saba na inapanda mpaka Finse mita 1,222 juu ya bahari. Bergen mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo mwavuli mdogo mnauvunja siku ya kwanza, njooni na koti la mvua.

Hatua ya 5: Nguo na vya kubeba

Ndani kabisa sufu, juu yake sweta zito, nje kabisa koti linalozuia upepo. Pamba acheni, ikilowa jasho inakugandisha. Kofia inayofunika masikio, glavu mbili (nyembamba ya kushikia simu ndani ya nene), na kama ni baridi nunueni vile vyuma vya kuvalisha viatu ili msianguke kwenye barafu bandarini, vinapatikana madukani huku.

Bebeni pilipili yenu. Nasema kwa moyo wote. Chakula cha melini ni kizuri, samaki fresh wa bandari mnazopita, ila kimepoa mno kwa midomo yetu. Vitafunwa nunueni supamaketi za mjini, Rema 1000 au Kiwi, bei ya melini ni nyingine. Pesa taslimu hamtazihitaji, kadi inafanya kazi kila mahali.

Vidonge vya kichefuchefu vinamezwa kabla, sio ukishaanza kutapika. Sehemu zenye mawimbi zinajulikana: Stad, alfajiri ya kwanza kabla ya Ålesund, halafu Vestfjorden baada ya Bodø, halafu kule bahari ya Barents ukishapita Honningsvåg. Siku ya kwanza mezeni kabla ya kulala.

Hatua ya 6: Mkiwa njiani

Kila mtu anapewa kadi, inaskaniwa ukitoka na ukirudi, na kwenye ngazi kuna kibao cha saa ya kuondoka. Piga picha hicho kibao kila bandari, kila mtu, kwa sababu ratiba inaweza kusogea.

Ålesund panda ngazi 418 za kilima cha Aksla. Mji wote uliungua Januari 1904, watu kama 10,000 wakalala nje, wakaujenga upya miaka michache tu kwa mtindo mmoja wenye minara na nakshi, na ukiwa juu unaona jinsi nyumba zinavyofanana kama zimepangwa na mkono mmoja. Trondheim nendeni kanisa kuu la Nidaros, kwa miguu inawezekana.

Asubuhi ya siku ya nne mnavuka mstari wa Aktiki, ule wa kwenye ramani unaoonyesha ukanda wa kaskazini kabisa mwa dunia unapoanzia. Kuna tufe la chuma juu ya kisiwa kidogo, wanatangaza kwenye spika, kuwahi ni muhimu maana linapita haraka. Baadaye dekini anatokea mtu aliyevaa kama Neptune, mungu wa bahari wa hadithi za kale, na upawa wa barafu na maji, anakumwagia shingoni ndani ya nguo. Kubalini wote, ndo picha bora ya kundi mtakayopata.

Svolvær kuanzia Februari mpaka Mei chewa wametundikwa kwenye vichanja vya miti, wawili wawili wamefungwa mikia, hakuna chumvi, upepo tu ndo unawakausha. Wengi wanaenda Italia, na vichwa vinaenda Nigeria kwenye supu. Usiku huohuo kiangazi meli inajipenyeza Trollfjorden, fyodi nyembamba, mdomo wake ni kama mita 100 tu, na nahodha anaigeuza meli mle ndani palepale ilipo. Msilale.

Tromsø mna masaa karibu manne, vukeni daraja kwa miguu mkaone kanisa la Aktiki la 1965, halafu kebo ya kupanda mlimani mita 421 kama anga iko safi tu.

Matembezi ya kulipia yanayouzwa melini mengi mnaweza kuyafanya wenyewe, ila moja lipieni mapema: basi la kwenda jabali la Nordkapp kutoka bandari ya Honningsvåg. Ni zaidi ya kilomita 30, muda ni mfupi, na lile jabali la mita 307 juu ya bahari hamlifikii kwa miguu.

Kuhusu aurora: ombeni mapokezi wawashe tangazo la kabini yenu usiku, laleni na nguo za ndani za sufu, koti na buti ziwe mlangoni. Ikitangazwa mna dakika chache. Simu iweke kwenye modi ya usiku, ibane kwenye reli, sekunde 3 zinatosha kwa sababu meli inatembea. Zimeni tochi zenu, kuna watu wengine wanaangalia.

Hatua ya 7: Kushuka Kirkenes

Meli inafika asubuhi na kabini mnaachia mapema, kwa hiyo bili ya vinywaji na matembezi lipeni usiku wa kuamkia, sio asubuhi kwenye foleni. Mweka hazina afunge hesabu za kundi usiku huohuo pia, wakati risiti zote ziko mezani na wote mpo. Basi la uwanja wa ndege linasubiri nje ya bandari. Kama ndege yenu ni ya jioni, weka mizigo, tembeeni mjini, vibao vya mitaa vimeandikwa Kinorwe na Kirusi kwa sababu mpaka uko jirani kabisa. Ndege ya Oslo ni kama masaa mawili, na kukiwa na anga safi mnataka viti vya dirishani.