Kuweka msimbo wa jeraha la kiwiko lenye kitu kilichonasa ndani: hatua kwa hatua

Mwenzetu anayeanza kazi ya kumbukumbu za afya upande wa Mafinga alinipigia simu akiwa amekwama na faili moja. Fundi wa kiwanda cha mbao, kibanzi cha paini kimemwingia kwenye kiwiko cha kushoto, kimetolewa, ameshonwa, amechomwa sindano ya pepopunda. Kila alipotafuta mtandaoni msimbo wa jeraha hilo, yaani herufi na namba zinazosimama badala ya jina lake kwenye kumbukumbu, alikutana na msimbo mwingine. Tulimaliza kwa simu, na sasa naandika kwa ajili ya wengine, maana huku Nyanda za Juu Kusini majeraha haya hayaishi: vibanzi vya mbao Mufindi, miiba shambani, vioo vya magari na changarawe za bodaboda kwenye barabara kuu ya Tunduma.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye toleo sahihi

Ukiona S51.022A au S51.042A, hiyo ni ICD-10-CM ya Marekani. Sisi tunatumia ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani), yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, ambayo misimbo yake ni mifupi. Fungua kitabu, au kivinjari cha ICD-10 cha WHO chenyewe, ambacho ni bure. Karatasi ya "misimbo ya kawaida" iliyobandikwa ukutani iondoeni. Inafundisha watu kuacha kusoma.

Hatua ya 2: Anza na Juzuu ya 3, malizia na Juzuu ya 1

Faharasa kwanza (Juzuu ya 3), kisha orodha yenyewe ya misimbo (Juzuu ya 1). Usiishie kwenye faharasa.

Hatua ya 3: Amua kama jeraha ni la juujuu, la wazi, au limefika mfupani

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza nusu siku, kwa hiyo twende taratibu.

Mwanzoni mwa sura ya XIX WHO wameeleza maana ya kila aina ya jeraha, na ukurasa huo wengi wanauruka. Jeraha la wazi linajumuisha kukatwa, kuchanika, kung'atwa na mnyama, na kuchomwa, pamoja na kuchomwa kulikoacha kitu ndani. Kibanzi kilichokaa juujuu bila jeraha kubwa la wazi kimewekwa kwenye majeraha ya juujuu. Kwa hiyo kibanzi kilichochomolewa kwa kibano bila kushona, pale kwenye kiwiko, ni S50.8. Kilichozama hadi ikabidi kidonda kipanuliwe na kushonwa ni S51.0, jeraha la wazi la kiwiko. Yule fundi wa Mafinga ni S51.0.

Ukubwa wa kitu hauamui. Kipande kidogo cha kioo kilichozama kwenye tishu bado ni S51.0.

Kuna mtego wa pili. Ukitafuta "kitu kigeni" kwenye faharasa unaweza kupelekwa M79.5, kitu kilichobaki kwenye tishu laini. Huo si msimbo wa jeraha bichi. Ni wa kitu kilichosahaulika mwilini, kidonda kikafunga, mtu akaja baadaye na uvimbe au maumivu. Usiuweke kwa mgonjwa aliyeumia leo.

Mtego wa tatu ni mfupa. Kiwiko hakina nyama nyingi upande wa nyuma, na anayeanguka na pikipiki huangukia papo hapo. Kama ncha ya juu ya ulna, mfupa unaounda ncha ya kiwiko kwa nyuma, imevunjika na kidonda kimefika kwenye mvunjiko, msimbo ni S52.0, na alama ya tano, 1, inaonyesha mvunjiko wa wazi: S52.01. Soma majibu ya picha kabla ya kuandika S51.0.

Na majibu ya picha yasomwe kwa akili. Kioo na chuma kwa kawaida huonekana kwenye eksirei. Mbao na miiba mara nyingi havionekani. Ultrasaundi huvipata vizuri zaidi. Basi ukikuta "eksirei haina kitu" na ukurasa unaofuata unasema kibanzi kimetolewa, maandishi hayo hayapingani. Ila kama hakuna popote palipoandikwa kwamba kitu kilionekana au kilitolewa, usikibuni. Mrudie daktari na faili mkononi, umuulize mambo matatu: kilikuwa kitu gani, kiliingia kina gani, na kiungo chenyewe, pale mifupa ya kiwiko inapokutana, kilifikiwa au la. Akijibu, aandike mwenyewe na kusaini. Jibu la mdomo kwenye korido halina uzito faili likikaguliwa.

Na tafadhali, usipige picha ya faili ukaituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Eleza jeraha kwa maneno, bila jina wala namba.

Hatua ya 4: Ongeza sababu ya nje

Kibanzi kilichopenya ngozi kiwandani: W45.6. Mwiba shambani: W60.7. Abiria wa bodaboda iliyoanguka yenyewe barabarani: V28.5; dereva wake: V28.4. Aliyekatwa na msumeno wa mnyororo huanzia W29. Msimbo huu haukai peke yake. Unafuata ule wa jeraha.

Hatua ya 5: Hakikisha maandishi yanabeba kile ambacho msimbo haubebi

S51.0 haisemi kushoto wala kulia, na haisemi kama kulikuwa na kitu ndani. Hivyo sentensi ya daktari ndiyo ushahidi pekee wa kilichofanyika, hata madai ya bima yakiulizwa. Mimi hupenda iwe hivi: "Jeraha la kuchomwa, nyuma ya kiwiko cha kushoto, sm 2. Kibanzi cha mbao cha sm 3 kimetolewa chote. Kiungo hakijafikiwa. Hakuna mvunjiko. Chanjo ya pepopunda imetolewa." Neno "chote" lisikosekane.

Hatua ya 6: Mgonjwa akirudi

Kidonda kikioza: T79.3. Kipande kikigundulika baada ya kidonda kupona: M79.5. Akirudi na athari ya kudumu ya jeraha hilo la zamani, andika kwanza athari yenyewe, mfano kiwiko kilichokakamaa, kisha ongeza T92.0, msimbo wa athari za jeraha la wazi la mkono.