Logo inayopanda na kushuka na ziwa: jinsi nilivyoiunda

Mama mmoja mwenye gesti ndogo kando ya ziwa hapa Jinja aliniita, akasema anataka logo yenye uhai. Nikamuuliza uhai gani mama, akanipeleka nyuma kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini, akaniambia mwanangu, 2020 hizi ngazi zote hukuziona, maji yalikuwa hadi hapa mlangoni. Basi nikajua kazi imeshapatikana. Mei ya 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41, na mtu wa ufukweni humwambii hizo namba, yeye anakumbuka godoro lake lilivyoloa.

Watu wameniuliza sana nilifanyaje, so naandika hapa. Wengi wanaanza na kodi, yaani maandishi ya programu ya kompyuta, na kodi ndiyo rahisi kuliko yote.

Anza na data, na usichukue data eti kwa sababu ni ya bure kwa intaneti. Tafuta kile kitu mwenye biashara anakichungulia asubuhi hata kabla ya chai. Kule Nordkyn, kaskazini kabisa mwa Norwe, logo yao ya utalii ilitengenezwa ibadilike kwa upepo na baridi, na inaingia akilini kwa sababu kule upepo ndio unaamua kama leo unatoka nje ama hutoki. Lete hali ya hewa hiyo hiyo kwa duka la simu Wandegeya, pale Kampala, itakuwa pambo tu. Tena joto la Kampala halichezi sana mwaka mzima, ukifungia logo kwenye joto italala usingizi kuanzia Januari hadi Desemba. Data yako lazima iende kwa mwendo ambao mtu anauhisi, isikimbie kila sekunde na isigande.

Halafu data haihitaji satelaiti. Sisi tulisimika mti wenye alama za sentimita pale kwenye gati, na kijana wa mapokezi anausoma kila Jumatatu saa moja asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia na boti hazijaanza kurusha mawimbi. Anasoma mara tatu, anachukua wastani, anaandika kwa Google Sheets kwenye simu yake. Ndio hivyo tu.

Sasa mifupa. Kabla hujachezesha chochote, amua nini hakisogei kabisa. Kwetu ni duara, jina la gesti kwa fonti moja, na rangi mbili. Kinachosogea ni kimoja tu, mstari wa maji ndani ya duara. Najua utatamani maji yapande, rangi ibadilike na herufi zinenepe pia, mimi mwenyewe nilijaribu usiku mmoja nikaona nimetengeneza matangazo matatu ya watu tofauti. MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT kule Marekani, walitoa logo ya matoleo 40,000 mwaka 2011, na 2014 wakaja na nyingine iliyosimama juu ya gridi moja ya miraba saba kwa saba. Sikwambii kwa nini walibadilisha, nakwambia gridi ndiyo inafanya matoleo yote yatambulikane kuwa ndugu.

Hesabu iko hivi. Mti wetu tunautumia kati ya sentimita 20 na 120. Jumatatu moja kijana amesoma 65. Unatoa 20, unabaki na 45, unagawa kwa 100, unapata 0.45. Lakini usiruhusu maji yatembee duara zima, maana siku moja duara litakuwa tupu na siku nyingine limezama lote, na hakuna atakayejua ni logo. Maji nimeyapa asilimia 30 hadi 70 ya urefu wa duara, kwa hiyo 30 jumlisha 0.45 mara 40, maji yanasimama kwenye 48. Kwa p5.js, zana ya bure ya kuchora kwa kodi, kazi hiyo yote inafanywa na amri ya map(), na ukimalizia na neno true pale mwisho, namba haitoki nje ya mipaka hata mtu akiandika maajabu.

Angalia hapa, mimi nilipigwa: kwa skrini namba za wima zinahesabiwa kutoka juu kwenda chini. Wiki mbili nzima ziwa lilikuwa linapanda na logo inashuka, na aliyegundua si mimi, ni mvuvi anayeleta sangara jikoni. Geuza mipaka, tatizo limeisha.

Siku nyingine kijana aliandika "65 sm" badala ya 65. Kompyuta ikaona hiyo si namba, maji yakapotea yote, tovuti ikabaki na duara kama sahani. Tangu hapo kodi inauliza kwanza: hii ni namba? iko karibu na ya wiki iliyopita? Kama hapana, inabaki na ya zamani kimya kimya. Intaneti ikikatika pia ni hivyo hivyo.

Printi ndiyo kichwa kinauma. Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, hakuna atakayekuelewa ukisema logo inabadilika, wanataka faili moja na pesa mkononi. Kwa hiyo kila kundi la risiti au fulana linachukua maji ya siku ile, na chini tunaweka tarehe kwa herufi ndogo. Wageni wameanza kulinganisha fulana zao, hilo sikulipanga. Picha ya WhatsApp tunabadilisha kwa mkono mwisho wa mwezi, na kwa udogo ule hakikisha tofauti inaonekana, kama haionekani ongeza nafasi ya maji kutembea.

Mama alinibana kwenye kibao cha barabarani tu. "Na mchoraji atakuja kila Jumatatu? Nani atamlipa?" Tukaenda kwa fundi wa vyuma. Duara na jina vimepakwa rangi moja kwa moja, maji ni bati la bluu linaloning'inia kwenye ndoano tano. Kijana akimaliza kusoma mti anapita barabarani na stuli, anasogeza bati ndoano moja juu au chini, halafu anarudi kufungua mapokezi.