Kabla Hujaleta Jack Russell Nyumbani

Bisi, mbwa wangu wa aina ya Jack Russell, alikuwa na miezi saba alipoua kuku watatu wa jirani, kwa muda ule tu niliotumia kufunga geti. Nililipa, nikaomba radhi, na tangu siku hiyo sijamwambia mtu kwamba nafuga "kambwa kadogo". Mabegani hafiki sentimita 30, na mizani ya duka la nafaka ilisoma kilo 6. Lakini ukoo wake ulianzishwa na John Russell, kasisi wa Devon kule Uingereza, karne ya 19, ili mbwa aingie shimoni amtimue mbweha. Kazi hiyo bado iko kwenye damu.

Kwa hiyo jiulize kwanza nani atamchosha. Mimi natoka naye dakika 40 alfajiri na 40 jioni, kamba mkononi, maana akiona paka masikio huziba. Siku za mvua hapa Arusha namfichia dagaa chini ya vikombe vya plastiki sebuleni. Robo saa ya kunusanusa, analala fofofo. Asipochoshwa atajitafutia kazi, na kazi yake itakuwa godoro lako. Piga hesabu ya umri pia: wengi huishi miaka 13 hadi 16. Mimi nina 61, nilihesabu mara mbili.

Nilipokwenda Usa River kuchagua, mfugaji alinionyesha watoto watano. Mmoja aling'ang'ania kamba za viatu vyangu. "Mwalimu, huyo atakusumbua," mama yule akasema, "chukua huyu aliyetulia." Sikumsikia. Ndiye Bisi.

Wewe msikilize mfugaji. Omba kumwona mama wa watoto. Akiwa mwoga au mkali kupita kiasi, watoto nao wanaweza kuwa hivyo. Piga makofi nyuma ya kila mmoja, kwa kuwa weupe wengine huzaliwa viziwi. Mtazame akikimbia: akiinua mguu wa nyuma, akaruka hatua mbili tatu kisha akaushusha kama hakuna kilichotokea, huenda pia ya goti inateleza. Asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki 8.

Ulizia kadi ya chanjo. Parvo, ugonjwa wa virusi vya matumbo, huua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa mchome akifika miezi 3, halafu ufuate tarehe za daktari wa mifugo.

Huku kwetu adui mkubwa ni kupe. Kila jioni napitisha vidole ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vyake. Mbwa aliyezoea kukurukia akilala tu, akakataa chakula, fizi zikapauka, mpeleke siku hiyohiyo; homa ya kupe haingoji Jumatatu. Na tafadhali, usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia kifuniko. Nimeona mbwa wa kilo 5 akitetemeka usiku kucha kwa sababu hiyo. Dawa ipimwe kwa uzito wake. Kama una paka, mwambie daktari, kwani dawa za mbwa zenye permethrin zinaweza kumuua paka.

Chakula hakina makuu: nusu cha dukani, nusu ugali laini na dagaa waliooshwa kuondoa chumvi, mara mojamoja ini. Mchuzi wa mezani hapana, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali. Mbavu zake uzihisi ukimpapasa; usipozihisi, punguza.

Kuchimba hutakuzuia. Chini ya uzio nimefukia wavu sentimita 40, kisha nikampa kona yake ya mchanga nyuma ya migomba, ambako namfichia vitu avifukue. Tangu hapo maua ya mke wangu yamepona, isipokuwa moja.

Juzi jirani kanunua bata. Nimeongeza safu ya mawe.