Somo: Kiuno kianze lini? Muda wa miguu na nyonga katika swingi ya gofu

Wengi tumefundishwa kwamba swingi, yaani mzungusho wa fimbo wa kupiga mpira, ni kurudisha fimbo hadi juu, kisha kugeuza kiuno kwa nguvu. Shida ipo pale juu. Anayengoja fimbo ifike ndipo aamshe miguu ameshachelewa, maana mikono haingoji; itashuka yenyewe, na kiuno kitabaki kuifukuzia.

Hesabu kidogo kabla ya hatua. Kwa wachezaji wa kulipwa, kushusha fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo sekunde, na kuirudisha nyuma huchukua takribani mara tatu ya hapo. Ndani ya robo sekunde huwezi kujiamrisha "sasa nyonga, sasa mabega, sasa mikono". Mpangilio huo (nyonga, kifua, mikono, na fimbo mwisho kabisa) unajengwa kwa mazoezi ya polepole. Siku ya kucheza ubaki na wazo moja tu kichwani.

Naandika kwa anayepiga kwa kulia, yaani mguu wa kushoto uko upande wa shabaha. Mwenye mashoto ageuze.

Hatua ya 1: Simama
Chukua chuma namba 8 (fimbo yenye kichwa cha chuma). Miguu iachane kiasi cha upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, vidole vya mguu wa kushoto vielekee kidogo upande wa shabaha. Usiupuuze huo mguu; ukiuweka umenyooka kabisa, nyonga ya kushoto itakosa nafasi ya kugeukia.

Hatua ya 2: Rudisha fimbo
Fimbo inapoondoka, sikia uzito ukiingia upande wa ndani wa mguu wa kulia, hasa kisiginoni. Nyonga izunguke, isiteleze kwenda kulia. Mabega yakigeuka nyuzi 90 hivi, nyonga huwa kwenye 45 hivi. Mwili ukikataa kufika huko, si kesi. Cha kulinda ni kwamba uzito usivuke ukingo wa nje wa kiatu cha kulia. Ukivuka, huwahi tena kuurudisha.

Hatua ya 3: Kanyaga kushoto kabla fimbo haijafika juu
Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, kwa hiyo soma taratibu.

Mkono wa kushoto unapopita usawa wa kifua ukipanda, anza kuukanyagia mguu wa kushoto. Usigeuke bado, kanyaga tu. Fimbo inaendelea kupanda huku goti la kushoto limeshaanza kurudi kuelekea shabaha. Kwa kitambo kidogo mno, nusu ya chini ya mwili inakwenda huku na nusu ya juu inakwenda kule. Utajua umeipata kwa kusikia mvuto unaotoka nyonga ya kushoto, unapita ubavuni, hadi nyuma ya bega la kushoto. Misuli iliyovutwa hivyo hujirudi kwa nguvu, na ndiyo inayokupunguzia kazi ya mikono. Mtoto anayerusha jiwe mbali hufanya hivi bila kufundishwa: mguu wa mbele unatua wakati mkono bado uko nyuma ya sikio.

Linaloniudhi ni ile amri ya "tumia kiuno!" inayopigwa kelele kila uwanja. Aliyeambiwa anakizungusha kwa kasi huku uzito wote bado uko kulia. Bega la kulia linavutwa mbele pamoja na kiuno, na fimbo inaujia mpira kutoka nje kwenda ndani. Uzito kwanza, mzunguko baadaye. Viwili hivi hufuatana kwa karibu hadi kwa macho huonekana kitu kimoja, lakini ukivigeuza, mpira utakusema.

Hatua ya 4: Sukuma ardhi
Mguu wa kushoto ukishaupokea mwili, unyooshe kama unayeisukuma ardhi, na kalio la kushoto lirudi nyuma. Hicho ndicho kinachozungusha nyonga. Fimbo inapogusa mpira, bizimu ya mkanda iwe imeshaanza kutazama upande wa shabaha. Kwa wachezaji wazuri nyonga huwa zimefunguka nyuzi 35 hadi 45 hivi, mabega chini ya hapo, na kisigino cha kulia kimeanza kunyanyuka.

Hatua ya 5: Malizia
Baki umesimama juu ya mguu wa kushoto mpaka mpira utue. Ukiyumba kurudi kulia, rudi hatua ya 3.

Zoezi la kuingiza haya mwilini
Simama miguu ikiwa imegusana, mpira mbele yako. Anza kurudisha fimbo, na kabla haijafika juu, piga hatua fupi ya mguu wa kushoto kuelekea shabaha, utue, ndipo upige. Mwanzoni usiweke mpira kabisa. Ukiona unatua na kupiga kwa wakati mmoja, umechelewa. Anza hatua mapema zaidi. Nusu ya nguvu inatosha.

Jirekodi kwa simu ukiwa umeitazama kamera. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde itakupa picha saba au nane tu za kushuka kwa fimbo, kwa hiyo washa mwendo wa polepole. Kwenye picha 240 kwa sekunde unapata kama 60. Simamisha pale fimbo inapoacha kupanda, uangalie goti la kushoto. Likiwa bado limeelekea kulia, miguu ilikuwa inangoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kocha, nimefuata hatua ya 3 lakini sasa mpira unaanza kushoto halafu unapinda kulia kuliko zamani.

Jibu: Mabega yako yanafunguka pamoja na nyonga. Kanyaga kushoto huku mgongo ukiendelea kutazama shabaha kitambo kidogo zaidi. Piga mipira ya nusu swingi ukiwaza mgongo tu, kiuno ukisahau kwanza.

Swali: Mimi kinyume chake, kaka. Unaanzia kulia. Mara unanyooka hukohuko, mara unapinda kushoto vibaya sana.

Jibu: Wewe kiuno kinakimbia na mikono inabaki nyuma, ndipo viganja vinajaribu kuokoa dakika ya mwisho. Siku vikiwahi mpira unapinda kushoto, siku vikichelewa unabaki kulia. Bakiza kisigino cha kulia chini kwa muda mrefu zaidi. Pia weka kiti nyuma yako, makalio yakigusa kidogo. Unaporudisha fimbo, kalio la kulia liguse. Unaposhuka, la kushoto lipokee. Yote mawili yakiachia kiti kabla ya kugusa mpira, unausogelea mpira kwa nyonga na mikono inakosa pa kupita.

Swali: Kijana wangu, nina miaka 63 na kiuno hakigeuki kama zamani. Je, kisigino cha kushoto lazima kibaki chini?

Jibu: Shikamoo mzee. Si lazima hata kidogo. Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 ya mashindano makubwa, alikuwa akikiinua, na kukirudisha chini ndiko kulikoanzisha kushuka kwake. Kwako ni faida mara mbili: nyonga zinapata nafasi ya kugeuka, na unakuwa na alama ya wazi ya lini uanze. Mguu wa kulia nao uelekeze nje kidogo. Mgongo ukiuma, acha, umwone daktari kwanza.

Swali: Hii inahusu na mipira mifupi ya karibu na grini (nyasi fupi zenye shimo)?

Jibu: Hapana. Pale weka uzito kushoto tangu mwanzo na uuache hukohuko. Kifua kigeuke na nyonga zifuate kidogo tu. Ukiwa na pata (fimbo ya kuviringishia mpira shimoni) juu ya grini, miguu itulie tuli.

Swali: Mwalimu, nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, nasahau kila kitu, napiga haraka haraka. Nifanyeje?

Jibu: Hesabu. Moja, mbili, tatu fimbo ikipanda, nne kwenye mpira. Kwenye "tatu" mguu wa kushoto uwe umeshakanyaga. Mpangilio ni uleule wa chuma namba 8. Tofauti ni kwamba mpira uko juu ya tii (kijiti cha kuuinua mpira), mbele karibu na kisigino cha kushoto, kwa hiyo kichwa kibaki nyuma yake wakati nyonga zinakwenda. Ikikushinda, piga mipira kumi kwa namba 8 ukihesabu, kisha chukua draiva na hesabu ileile, bila kuongeza kasi.