Namna ya Kutazama Rozen Maiden Bila Kupotea

Rozen Maiden ni anime, yaani katuni ya Kijapani ya televisheni, kuhusu wanasesere walio hai. Anza na msimu wa 2004, wenye sehemu 12. Usiruke sehemu ya kwanza. Humo Jun, mvulana anayejifungia chumbani na kukataa shule, anaulizwa kwa maandishi: utatia ufunguo, au hutatia? Shika swali hilo, utalihitaji baadaye.

Akishautia, mwanasesere Shinku anafumbua macho na kumzaba kofi. Kisha wanafunga agano: Jun anabusu pete ya Shinku, na pete nyingine inatokea kidoleni mwa Jun. Hapo tazama vidole, si panga na mabawa tu. Shinku akipigana, nguvu anazichota kwa Jun, na pete inachoma. Mimi mara ya kwanza nilikodolea macho mapambano tu nikaikosa pete. Nikalazimika kurudia msimu mzima, na nilifurahi kurudia.

Wanasesere ni saba, wote wa fundi mmoja wanayemwita Baba. Kila mmoja ana Rosa Mystica, ndiyo roho yake. Atakayezikusanya zote atakuwa Alice, binti mkamilifu, amwone Baba. Hivyo ni ndugu wanaouana kwa ajili ya mapenzi ya mzazi. Usiharakishe kumchukia Suigintou, yule wa mabawa meusi.

Fuata Träumend (2005), halafu Ouvertüre ya 2006, sehemu mbili tu, inayoeleza uhasama wa Suigintou na Shinku.

Ya 2013, Zurückspulen, iache mwisho. Inafuata manga (hadithi ya katuni ya vitabu) ya wachoraji Peach-Pit, na inamwonyesha Jun mtu mzima, yule aliyejibu: sitatia.